Hodi Isiyokuwa Kitabuni

Kri, kri. Kigurudumu kidogo cha taa ya mafuta kikizungushwa na vidole visivyotaka kusikika, utambi ukishuka, mwanga ukinywea ukutani. Katika sauti zote za utotoni mwake, hiyo ndiyo iliyobaki na Bi Pambizo mpaka kichwa kikaota mvi. Ilimjia bila kuitwa: akiwa anafua, akiwa kwenye foleni, akiwa ametulia tu na kikombe mkononi. Hakuwahi kujiuliza imetoka wapi. Alidhani ni sauti ya kwenda kulala, kama vile wengine wanavyokumbuka wimbo waliobembelezewa.

Jina la Pambizo alipewa na wanafunzi, kwa sababu hakujua kutoa alama akanyamaza. Insha ikipita mikononi mwake, pambizo zilijaa wino mwekundu juu mpaka chini, maneno mengine yamelala ubavu kwa kukosa nafasi. *Nani kasema?* *Hapa umenichekesha, lakini alama sikupi.* *Sentensi hii imechoka, ipumzishe.* Watu wazima wenye vitambi na watoto wao walimsimamisha njiani kumkumbusha alichowaandikia walipokuwa na chunusi.

Alifundisha fasihi katika shule ya kutwa yenye madarasa marefu yaliyopangana kama mabehewa, na kila mwaka darasa la mwisho lilisoma naye riwaya ileile ya kale ya kutisha: ya kijana mtaalamu aliyeunganisha viungo vya wafu akaunda kiumbe, kiumbe akafumbua macho, naye muumba akatimua mbio kwa kuiogopa sura aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Shule nzima ilikuwa na nakala moja, imepoteza jalada, ya lugha ya kigeni ya kizamani, sentensi zake ndefu kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo wanafunzi hawakukisoma kitabu kile. Walisomewa. Bi Pambizo aliketi juu ya meza, miguu ikining'inia, akakigeuza kwa Kiswahili papo hapo, sauti ikipanda na kushuka kama mtu anayetembea vilimani.

Miaka ya mwanzo alifuatisha mistari kwa kidole. Baadaye akawa anachungulia tu. Siku hizi macho yalikuwa yamechoka, na hadithi aliijua kama mtu anavyoijua njia ya chumbani kwake umeme ukikatika. Kitabu kilikaa mapajani, kimefungwa, naye akasimulia.

Sehemu iliyowashika zaidi ilikuwa ya hodi. Kiumbe, baada ya kutangatanga na kupigwa mawe, anarudi kwenye nyumba ya aliyemuumba. Anabisha. "Hodi." Ndani, mtaalamu anashusha utambi. Yuko na mdogo wake, mtoto bado. Anamziba mdomo kwa kiganja. "Hodi," mara ya pili. Mara ya tatu sauti haina nguvu tena. Kisha nyayo zinaondoka, na mtaalamu anamwambia mtoto, "Ni upepo. Lala." Hapo hata wale wa viti vya nyuma, wanaochora kwenye madawati, walikuwa wakishika pumzi.

Mwaka ule swali la insha lilitoka ofisi ya mitihani, na alama zake zilikuwa za kuingia katika matokeo ya mwisho: *Nani hasa ni zimwi katika riwaya hii? Jadili.*

Walijadili. Mmoja aliandika kwamba mtaalamu alikosea mpangilio wa kazi, angeanza na uso ndipo aje kwenye akili. Mwingine, kijana mwenye ukoo mkubwa, alisema kwa uhakika kabisa kwamba kama kiumbe angekuwa na shangazi hata mmoja, yote yale yasingetokea. *Kweli,* aliandika Bi Pambizo pembeni, huku akicheka peke yake chumba cha walimu, *lakini thibitisha.* Wote walifika kwenye mlango ule na hodi ile, na karibu wote wakasema zimwi ni aliyekuwa ndani.

Insha iliyomsimamisha ilikuwa ya msichana waliyemwita Wakili, kwa sababu hakuwahi kushindwa hoja hata pale alipokuwa na makosa. Wakili hakusema juu ya aliyekuwa nje wala aliyeshusha utambi. Aliuliza habari za mtoto. "Mtoto hakufunga mlango," aliandika, "lakini hakufungua pia. Kiganja kilikuwa mdomoni, miguu ilikuwa huru. Je, mtoto alimjua aliyekuwa mlangoni? Kama alimjua, aliishi vipi baadaye?"

Bi Pambizo alikaa na karatasi ile muda mrefu, kalamu hewani. Mwishowe aliandika pembeni: *Swali zuri. Kitabu hakisemi.* Akampa alama za juu kuliko wote.

Insha zilipelekwa ofisi ya mitihani. Wiki chache baadaye zikarudi, zimefungwa kwa uzi, chini ya kwapa la mkaguzi.

Alikuwa mwembamba, mpole, shati limenyooshwa mpaka linakata. Alimkuta Bi Pambizo ameshaitwa ofisini kwa Mkuu wa shule. Mkuu huyu zamani alikuwa mwanafunzi wake, na mpaka leo akizungumza naye alificha mikono nyuma kama anayengoja kuulizwa swali.

"Karibu ukae, mwalimu wangu," alisema, macho yakiwa dirishani.

Mkaguzi alifungua uzi taratibu. "Nimezisoma zote, mama. Nyingine nimezipenda kweli. Ila zote, bila kuacha hata moja, zina tukio la kubisha hodi."

"Si ndio moyo wa kitabu chenyewe."

"Halimo kitabuni."

Bi Pambizo alicheka. Alicheka kwa moyo mweupe kabisa. "Baba, kitabu hicho nimekifundisha tangu hujaota ndevu."

"Nami nimekisoma njia nzima ya kuja hapa, nikilitafuta." Alitoa nakala yake mkobani, imevishwa plastiki, safi kama ya jana. "Hakuna hodi ile waliyoandika. Hakuna utambi kushushwa. Na ndani ya chumba hicho hakuna mtoto."

"Hiyo yako imepunguzwa. Vitabu vya siku hizi wanavikatakata."

"Hii haijapunguzwa, mama." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtia Bi Pambizo shaka ya kwanza. "Darasa zima linapoandika jambo moja lisilokuwepo, kwa maneno yaleyale, sisi tunaita udanganyifu. Kuna mtu kawauzia insha, wakanakili. Nitawahoji mmoja mmoja. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia sijapata maelezo, nafuta matokeo ya darasa zima."

"Maana yake nini, kufuta?"

"Hawatafanya mtihani wa mwisho. Na kokote watakakoomba nafasi, jina la udanganyifu litatangulia kufika."

Bi Pambizo alisimama. "Kabla ya kengele utakuwa na ukurasa wako mezani."

Mkuu alimfuata mpaka nje, akavuta mlango nyuma yake.

"Mwalimu wangu, tuseme ukurasa haupo."

"Upo."

"Tuseme tu. Wewe sema hujui walikoyatoa. Umebakiza muda kidogo ustaafu, unaagwa vizuri, unapumzika. Usijitie kitanzi. Watoto ni watoto, watarudia mwaka."

"Na wewe ulipokuwa mtoto, ningekusemea hivyo?"

Mkuu aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa.

Stoo ya vitabu ilikuwa chumba kidogo mwisho wa ukumbi, mlango mmoja, taa moja inayoning'inia kwa waya, na dirisha dogo la juu ambalo sauti ziliingia lakini mtu hakuonekana. Bi Pambizo alijifungia humo. Akafuta miwani kwa upindo wa nguo, akakifungua kitabu cha shule kwa mara ya kwanza baada ya miaka ambayo hakutaka kuihesabu, akaanza kutafuta.

Alijua pa kutafuta. Ilikuwa baada ya kupigwa mawe, kabla ya kukimbilia milimani. Kidole kilishuka ukurasa, kikapanda ukurasa wa pili. Mawe yalikuwepo. Milima ilikuwepo. Katikati yake palikuwa na nafasi nyembamba, ile inayotenganisha aya na aya.

Hapana, alijisemea. Iko mbele.

Nje, wanafunzi waliitwa mmoja baada ya mwingine. Ofisi ya Mkuu ilikuwa hatua chache, na waliotoka walisimama chini ya dirisha lile wakinong'ona kwa sauti ambayo wao waliona ni ndogo.

"Kakuuliza nini?"

"Hodi nimeitoa wapi. Nikamwambia kitabuni."

"Umesoma mwenyewe?"

"Nimesema ndiyo, nimesoma mwenyewe! Ulitaka niseme sijawahi kukishika? Si tuliambiwa na waliotutangulia, ukikiri mbele ya mkaguzi kwamba hujasoma kitabu, unakatwa alama zote?"

"Halafu?"

"Halafu akanisogezea kitabu. Akasema nionyeshe."

Kisha mtu akapenga kamasi, na ikajulikana kwamba ni yule kijana wa shangazi, analia.

Bi Pambizo aliacha kusoma, akasikiliza. Watoto wale walikuwa wakijichimbia shimo kwa ajili ya kitabu ambacho hawakuwahi kukigusa, kwa sababu kwao kitabu kilikuwa ni yeye. Alirudi mwanzo. Alisoma kwa midomo, kama mtoto anayejifunza. Aliangalia kama kuna kurasa zilizochanika, akafuatisha namba, namba zikafuatana moja kwa moja bila huruma. Alikiinua kitabu akakikung'uta, kana kwamba tukio lingeanguka sakafuni kama jani lililokaushwa. Vumbi tu.

Hakukuwa na hodi ile. Hakukuwa na mtoto.

Alikaa juu ya rundo la vitabu vya hesabu vilivyoliwa na mchwa. Kichwani mwake tukio lile lilikuwa wazi kuliko chochote kilichochapishwa: aliuona ukuta, aliiona taa, alijua hata kiganja kile kilinukia nini. Kilinukia sabuni ya kufulia. Lakini sabuni ile hakuwahi kuitaja darasani. Sasa yeye aliijuaje?

Mlango ukagongwa.

"Hodi, mwalimu."

Alikuwa Wakili.

Bi Pambizo aliinuka, akasogea mpaka mlangoni.

"Hodi. Mwalimu, najua umo. Mkuu kaniambia." Sauti ilishuka, ikasogea kwenye ufa wa mlango. "Mimi nimeingia na kutoka, nimeambiwa nirudi. Anasema insha yangu ndiyo bora, kwa hiyo mimi ndiye niliyewauzia wenzangu. Mwalimu, mama yangu akisikia neno hilo… Nionyeshe tu ukurasa. Niende nao mimi mwenyewe, wewe ukae."

Ndani, Bi Pambizo hakusogea. Mtu wa kumwambia ukurasa haupo alikuwa amesimama palepale, ubao mmoja wa mlango katikati yao, naye hakuweza.

"Hodi," Wakili alisema mara ya tatu, na safari hii sauti haikuwa na nguvu.

Nyayo zikaondoka.

Hapo ndipo Bi Pambizo alipogundua kwamba yuko gizani. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye swichi. Umezima taa bila kumuuliza. Mkono wa pili ulikuwa umeziba mdomo wake mwenyewe, umebana, vidole vimezama shavuni.

Kri, kri.

Ikaja yote, si kama kumbukumbu, bali kama mtu anayeingia chumbani. Nyumba ya vyumba viwili. Mama anashusha utambi. Baba alikuwa mfanyakazi wa tanuri kiwandani, na tanuri lilikuwa limepasuka. Mama alisema baba bado yuko hospitali, anatibiwa, atakuja akipona. Siku moja kabla ya hapo watoto wa jirani walikuwa wamekuja mbio wakipiga kelele kwamba kuna mtu anazurura mtaani hana uso. Sasa mtu yule alikuwa mlangoni. "Hodi." Sauti ilikuwa imekwaruzwa, kama iliyopitishwa kwenye mchanga. Mara ya pili ikasema, "Hodi. Mama, fungua." Duniani kote mtu aliyemwita yeye *mama*, yeye mtoto wa miaka michache tu, alikuwa mmoja, kwa sababu alikuwa amepewa jina la bibi yake mzaa baba. Kiganja chenye harufu ya sabuni kikambana mdomo. Miguu yake ilikuwa huru. Mara ya tatu. Nyayo.

"Ni upepo, mwanangu. Lala."

Alilala. Asubuhi hakuuliza, wala mama hakusema, na baba hakuonekana tena. Kila mwaka tangu alipoanza kufundisha, Bi Pambizo alikuwa akikaa juu ya meza, miguu ikining'inia, akiwasimulia watoto wa wenzake habari za mlango ule, akiamini kwamba aliyeziandika ni mtu mwingine.

Aliwasha taa. Akajifuta uso kwa upindo uleule wa kufutia miwani. Kisha akatoka, na mlango wa stoo akauacha wazi.

Ofisini Wakili alikuwa amesimama mbele ya meza, mgongo umenyooka kupita kiasi, kama watu wanavyonyooka wakikaribia kuanguka. Mkaguzi alikuwa na kalamu mkononi. Mkuu alikuwa dirishani, akiitazama kengele ya shule iliyoning'inia uani kana kwamba anaiomba isilie.

Bi Pambizo alikiweka kitabu mezani.

"Ukurasa haumo," alisema.

Mkuu alifumba macho. "Mwalimu wangu…"

"Niache niseme, baba. Haumo, na watoto hawakununua kwa mtu. Nakala ni hii moja na inakaa kwenye droo yangu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishika. Wanaogopa tu kukwambia. Hodi nimewapa mimi. Niliwasimulia nikawaambia ndiyo kitabu, nao wakaniamini. Mwaka huu, na mwaka jana, na wa nyuma yake."

Mkaguzi aliiweka kalamu chini. "Ulikuwa ukijua?"

"Nimejua sasa hivi."

"Mama, nikiandika hivyo, watoto watakatwa alama za sehemu ile tu, na mtihani watafanya. Lakini wewe hutasahihisha tena karatasi ya mtihani, hapa wala kwingine. Hata kuagwa sijui kama utaagwa."

"Andika."

"Labda tungengoja kidogo," alisema Mkuu, "tukatafakari…"

"Wewe," Bi Pambizo alimgeukia, "tangu ukiwa darasani kwangu ulipenda kungoja jibu litoke kwa jirani. Mwache aandike."

Mkuu akaficha mikono nyuma. Mkaguzi akaandika. Wakili akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetolewa majini. Bi Pambizo alimsogelea.

"Ulipobisha, nilikuwa ndani," alimwambia. "Nilikusikia mara zote tatu. Sikufungua. Nataka ujue hukuwa unaongea na mlango."

Wakili aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alikuwa Wakili, na uso wake ulikuwa tayari umeanza kufikiri.

Mkaguzi aliinua macho. "Nimewahi kufundisha, mama. Msimulizi huongeza neno, huongeza sentensi. Haongezi mtoto mzima. Huyo mtoto umemtoa wapi?"

Insha ya Wakili ilikuwa juu ya rundo, imefunguka pale penye wino mwekundu: *Swali zuri. Kitabu hakisemi.* Bi Pambizo aliisogeza kwa kidole, akaitazama kama kazi ya mtu mwingine iliyosahihishwa vibaya. Wakili naye akayaona maneno yale. Akamtazama mwalimu wake, akatazama karatasi, akatazama mlango wa ofisi uliokuwa wazi.

"Kwa hiyo, mwalimu," aliuliza taratibu, "yule mtoto… alimjua aliyekuwa mlangoni?"

Uani kengele ilianza kulia, na madarasa yote yakamwagika nje kwa kelele zao za kila siku. Bi Pambizo alingoja mpaka zikapungua. Hata hivyo Wakili ilibidi ainame ili asikie.

"Alimjua."